Je, wajua kwa nini marufuku ya viroba ilimbana mwenye duka kuliko mwenye baa?

Kuanzia tarehe 1 Machi 2017, viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo za plastiki, vilipigwa marufuku nchini Tanzania. Agizo lilitoka kwa Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa, huku kwetu Lindi. Serikali ilisema viroba vinawaharibu vijana, hata wanafunzi, kwa kuwa ni vya bei rahisi na vinafichika mfukoni, tena pakiti zake zinachafua mazingira. Ndiyo maana kanuni yenyewe ilitungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, wala si Sheria ya Vileo.

Ila ukitaka kujua kwa nini muuza duka wa Masasi au Nachingwea aliumia kuliko jirani yake mwenye baa, rudi kwenye leseni.

Sheria ya Vileo ni ya tangu 1968, na leseni zake si za aina moja. Kuna ya kuuzia wateja wanaokunywa papo hapo, na kuna ya duka: unauza chupa ikiwa imefungwa, mteja anakwenda kunywea kwake. Mwenye baa akinunua chupa kubwa ya pombe kali anaipima toti moja moja, hivyo hata mwenye hela ndogo anapata chake. Mwenye duka akiifungua chupa hiyo hiyo kaunta, amekiuka masharti. (Wapo wanaoifungua, na benchi la uani tunalijua. Hapa nasema sheria.)

Kiroba kilikuwa kimeziba pengo hilo: toti iliyopimwa na kufungwa kiwandani, duka linaiuza bila kuvunja kizibo cha chupa yoyote. Kilipoondoka, baa ilibaki na toti zake. Duka likabaki na chupa ambayo mteja wa kila siku haimudu, na mtaji umelala rafuni.

Mimi naona viroba vilistahili kuondoka. Lakini mnywaji wa hela ndogo hakuacha kiu yake dukani. Msimu wa korosho ukifika kuna uraka, pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), ambao huchachuka upesi mno kuwekwa stoo. Na kuna nipa, pombe kali ya kienyeji inayopikwa kutokana na mabibo hayo hayo: haramu kisheria, haina leseni wala risiti, na muuzaji anakupimia kulingana na ulichonacho mkononi.