Je, Wajua Kwa Nini Jeraha la Bandia Huonekana la Kweli?

Mtazamaji anapogeuza uso kwa hofu baada ya kuona mkono uliochanika katika filamu, hudhani kwamba kilichomshtua ni damu. Kumbe damu huja mwisho. Jicho hulikubali au kulikataa jeraha la bandia kwenye ukingo wake, pale ngozi iliyotengenezwa inapokutana na ngozi ya mwigizaji, kwa maana ukingo ukiwa mnene hutupa kivuli ambacho damu yoyote haiwezi kukificha.

Ndiyo sababu msanii wa mekapu huanza na umbile kabla ya rangi. Njia rahisi zaidi hutumia karatasi ya tishu pamoja na lateksi ya maji, ambayo ni utomvu wa mpira uliotiwa amonia ili usigande mapema. Hupakwa utando mwembamba wa lateksi, hulazwa kipande cha tishu, hupakwa tena na kuachwa kukauka, kisha kazi hurudiwa hadi unene utoshe. Tishu huchanwa kwa mkono badala ya kukatwa kwa mkasi, kwa kuwa nyuzi zinazobaki pembeni hupungua unene polepole hadi zikapotelea kwenye ngozi. Tabaka hizo zikishakauka, msanii huzichana katikati kwa kibanio, kamwe si kwa wembe, na kuinua kingo zake mpaka zifanane na ngozi iliyofunguka. Lateksi huwadhuru watu wenye mzio nayo, hivyo ni lazima ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo ya ngozi. Tena hung'oa vinyweleo, na haifai kugusa nyusi zisizopakwa mafuta mazito.

Hata hivyo, lateksi haipitishi mwanga kama ngozi hai, ambayo huuruhusu mwanga kupenya kidogo kabla ya kuurudisha. Silikoni, mpira laini wa kutengenezwa viwandani, huiga tabia hiyo vizuri zaidi, na kwa picha za karibu sana ndiyo ninayoiona bora. Jelatini, ile protini ya wanyama inayoganda kama jeli, nayo hupitisha mwanga na ni ya gharama nafuu, lakini hulainika kwa joto la mwili na la taa.

Rangi hufuata maumbile ya mwili. Chini ya ngozi kuna mafuta yenye rangi ya manjano, na chini yake misuli myekundu. Kwa hiyo kina cha jeraha hupatikana kwa kutia rangi nyeusi zaidi katikati na kuipunguza kuelekea kingo, ambako wekundu wa uvimbe hudonolewa kwa sponji yenye matundu yasiyolingana. Umri wa jeraha pia huhesabika. Damu iliyovilia chini ya ngozi huonekana nyekundu au zambarau, kisha mwili unapoivunjavunja hugeuka kijani na manjano. Jambo hili lina uzito wa pekee katika mafunzo ya tiba, ambako majeraha ya bandia hutumika kuwazoesha wanafunzi kutambua majeraha halisi, na rangi isiyo sahihi huwafundisha kosa.

Hapo ndipo damu inapoingia, mara nyingi shira ya mahindi iliyotiwa rangi nyekundu ya chakula na tone la buluu. Hudondoshwa ndani kabisa ya jeraha na kuachwa itiririke yenyewe, mwigizaji akiwa katika mkao uleule atakaorekodiwa nao, na ile inayopaswa kuonekana kavu huongezewa rangi ya kahawia.