Namba ya BET si eneo la uso wa zeolaiti

Nimesoma tena ripoti inayotangaza kwamba ZSM-5 fulani (aina ya zeolaiti, yaani fuwele yenye vitundu vya ukubwa wa molekuli) "ina uso wa mita za mraba 400 kwa gramu". Hapana. Namba imetoka kweli kwenye mashine inayopima gesi, kwa kawaida nitrojeni, inayonaswa na sampuli, ila uso huo haupo.

Brunauer, Emmett na Teller (ndio BET) walipotoa nadharia yao mwaka 1938 walifikiria uso ulio wazi: molekuli zinanata tabaka moja, kisha jingine juu yake. Unahesabu molekuli za tabaka la kwanza, unazidisha kwa nanomita za mraba 0.162, eneo linalofunikwa na molekuli moja ya nitrojeni, basi. Sasa ingia ndani ya ZSM-5. Mfereji una upana wa nanomita 0.55 hivi, nitrojeni 0.36. Molekuli mbili hazienei ubavu kwa ubavu. Hiyo moja imezungukwa na ukuta pande zote, nawe unaihesabia kipande kimoja cha uso kana kwamba imelala juu ya meza! Tabaka la pili litakaa wapi? Humo vitundu vinajaa, havitandikwi tabaka, na vinajaa mapema kabla ya p/p₀ (shinikizo la gesi likigawanywa kwa shinikizo lake la mvuke uliojaa) kufika 0.05 hadi 0.30, masafa ambayo watu hunakiliana tu. Ukiyang'ang'ania, C, namba ya mlinganyo wa BET inayohusu nguvu ya mnato, hutoka hasi, jambo lisilo na maana, na bado mtu anachapisha. Fuata vigezo vya Rouquerol vya kuchagua masafa, shuka chini ya 0.05 ikibidi, na matokeo uyaite eneo la BET, la kulinganishia sampuli na sampuli. Ujazo wa vitundu una maana zaidi.

Sampuli ikaushwe kwenye ombwe, nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi, joto likipanda polepole.

Na gesi? Nitrojeni ina kwadrupoli (chaji zake hazikusambaa sawasawa), inavutwa na kationi, yaani ioni chanya za zeolaiti, hivyo inajaza vitundu kwenye p/p₀ ya 10⁻⁷ hivi, ambako usawa unachelewa mno kufikiwa. Ndiyo maana IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, mwaka 2015 ilipendekeza agoni, isiyo na kwadrupoli, kwenye kelvini 87. Zeolaiti 4A ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi: kwenye kelvini 77 nitrojeni karibu haiingii kabisa, mtu anaandika "haina vitundu", na unga uleule unameza maji zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake.

Ukubwa wa vitundu napata kwa NLDFT, hesabu inayoukadiria kutokana na isothemu (mchoro wa gesi iliyonaswa kwa kila shinikizo), na hapo nasita. Modeli inadhani silinda. Vyumba vya fojasaiti, zeolaiti nyingine, ni kama tufe. Nikibadili modeli, kilele cha grafu ya ukubwa wa vitundu kinasogea, ingawa isothemu ni ileile na zote mbili zinaifuata vizuri. Kwa hiyo naandika jina la modeli kando ya kila kilele, na muundo wa fuwele kutoka kwenye eksirei ndio ninaouamini kwanza.