Kabla Hujaenda Ngezi Kujitolea, Uliza Boriti Zitatoka Wapi

Ukitoka Konde kuelekea Makangale, jua la Pemba hukuacha ghafla. Makonde ya mihogo yanakwisha, barabara inaingia chini ya miti mirefu, hewa inapoa. Kama mvua ilinyesha usiku, utasikia matone yakidondoka kutoka majani ya juu mpaka karibu na adhuhuri. Huu ndio msitu wa Ngezi, kiasi cha hekta 1,440 za msitu wa asili wenye unyevu, sehemu kubwa kuliko zote iliyobaki ya msitu uliokuwa umefunika kaskazini ya kisiwa. Mvule umo, mtondoo umo, na umo mpapindi, mti wa jamii ya mipopoo ambao kwao ni Pemba tu.

Na watu wamo. Makangale, Tondooni na Verani ni vijiji ambavyo msitu ni uwanja wao wa nyuma. Huko ndiko wanakotoa ukindu wa kusukia mikeka, dawa ya homa ya mtoto, kuni, asali, na mti wa kusimamisha nyumba. Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wanaoniandikia kuomba nafasi ya kujitolea huzungumza kuhusu "msitu" kana kwamba hauna wenyewe.

Maombi huja zaidi vyuo vinapofunga. Wanafunzi wa Unguja na Dar es Salaam, vijana wa Wete na Chake, wageni kutoka Ulaya. Nia zao ni safi, na mimi niliyefanya kazi ya misitu kwa miaka mingi nafurahi kila ninapoona kijana anayetaka kuchafua mikono yake kwa ajili ya mti. Karibu wote wanataka mambo mawili: kujenga kitu na kupanda kitu. Hayo mawili ndiyo nitakayoyazungumza, na nitaanza na kujenga, kwa kuwa hapo ndipo madhara hutokea bila mtu kuyaona.

Chukua mfano wa banda la walinzi wa msitu, au chumba kimoja cha skuli. Kwa ujenzi wetu wa zamani unahitaji nguzo za kuchimbia, fito za kufungia ukuta, mtambaapanya juu ya ukuta, kombamoyo za kubebea paa, mapau ya kufungia makuti, kisha watu wa kukanyaga udongo na kukandika. Kila kimoja katika hivyo, ukiacha udongo na makuti, kilikuwa mti uliosimama mahali fulani. Boriti za mikoko ndizo zinazopendwa zaidi kwa sababu ni ngumu na mchwa haziwezi upesi. Kwa karne nyingi zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti.

Basi kikundi kinakuja kujenga banda la kulinda msitu, kinatoa fedha ya vifaa, na hakuna anayeuliza boriti zimetoka wapi. Zimetoka mikokoni, usiku, kwenye ghuba ileile inayokusudiwa kuhifadhiwa. Nimewahi kusimama mbele ya banda la namna hiyo siku ya ufunguzi. Picha zilipigwa, na nyuma ya picha zile kulikuwa na visiki vibichi. Waliojenga hawakuwa watu wabaya. Hawakuuliza, nasi wenyeji tuliojua hatukusema, na sehemu hiyo ya lawama naibeba mimi.

Ukisema utajenga kwa mawe na chokaa, hujatoka msituni bado. Chokaa huchomwa kwenye tanu, mawe yakipangwa juu ya magogo, na tanu moja hula magogo mengi. Ukisema utatumia matofali ya saruji, unahitaji mchanga, na mchanga Zanzibar ni mali inayokwisha. Mashimo yaliyoachwa na uchimbaji yanaonekana Unguja na Pemba, mengine yamekuwa madimbwi katika ardhi iliyokuwa ikilimwa. Sisemi watu wasijenge. Watoto wanahitaji vyumba vya kusomea na mlinzi anahitaji pa kujikinga na mvua ya masika. Ninachosema ni kwamba hesabu ya vifaa ndiyo hesabu ya uhifadhi yenyewe, nayo ifanywe kabla ya tiketi ya boti kukatwa.

Njia zipo. Mivinje na mikesia iliyopandwa kwa ajili ya matumizi hutoa nguzo nzuri, na mkulima aliyeipanda hupata fedha yake. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inataka mazao ya misitu yavunwe na kusafirishwa kwa kibali. Kwa hiyo anayejitolea ana haki, na mimi nasema ana wajibu, kumwambia msimamizi wa mradi: nionyeshe kibali cha mbao hizi. Swali hilo moja lina manufaa kuliko siku tatu za kubeba matofali.

Tukifika kwenye kubeba matofali, kuna jambo jingine. Makangale ina mafundi. Wapo waashi na maseremala, na wapo vijana wanaojua kuezeka kwa makuti paa lisilovuja. Mgeni ambaye hajawahi kushika mwiko akipewa ukuta apige plasta, ukuta utapigwa tena wiki ijayo, na kijana ambaye angelipwa ujira wa siku ile amekaa chini ya mwembe akitazama. Ningependa kila mradi uwe na mafundi wa kijiji wanaolipwa, na wanaojitolea wakiwa chini yao: wachote maji, wachekeche mchanga, wajifunze. Baadhi ya wageni hudhani hilo linawashusha. Waliowahi kukandika nyumba pamoja na kijiji kizima, wanawake wakileta maji na wanaume wakikanyaga udongo kwa nyimbo, wanajua kwamba hakuna nafasi ya chini katika kazi hiyo.

Na kilichojengwa kitunzwe. Huko Unguja, katika kijiji cha Pete karibu na Jozani, kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ambayo wageni hulipa kuipita, na mapato yake yamesaidia shughuli za maendeleo ya kijiji. Mbao juu ya maji ya chumvi huoza. Njia ile ingekuwa imeshaanguka lau isingekuwa na kipato cha kununulia mbao mpya. Jozani yenyewe, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, ilipata utulivu pale tu vijiji vilipoanza kupata sehemu ya kiingilio, maana wakulima walikuwa wakihesabu hasara ya mazao yaliyoliwa na kima punju. Kwa hiyo unapoombwa uchangie jengo, uliza litatengenezwa na nani, kwa fedha gani, na ufunguo atakaa nao nani.

Sasa kupanda. Mikoko ndiyo inayopandwa zaidi na wanaojitolea kwa sababu ni rahisi: mbegu yake huchipua ikiwa bado juu ya mti mama, inaning'inia kama rungu jembamba la kijani, unaichukua na kuichomeka kwenye tope. Watu mia wanaweza kuchomeka maelfu kwa asubuhi moja. Lakini mikoko ina mpangilio wake. Mbele kabisa kwenye bahari husimama mlilana. Nyuma yake, penye tope laini na vijito, ni mkoko wenyewe wenye mizizi ya miguu. Ndani zaidi ni msinzi na mkandaa, na mchu hupatikana hata mwisho kule ambako bahari hufika siku za bamvuo tu. Ukichomeka mkoko mahali pa mlilana, mawimbi huuondoa. Ukiuchomeka penye mwani wa majani, umeharibu malisho ya samaki na mche wenyewe hautaishi. Mara nyingi dawa ya ghuba iliyokatwa ni kuacha kukata na kufungua mkondo wa maji ulioziba. Mbegu zitaletwa na bahari yenyewe. Kufungua mkondo ni kazi ya majembe na tope la kiunoni. Haina picha nzuri. Wanaotaka kusaidia kweli waje kwa hiyo.

Wavuvi na wanawake wanaookota chaza wanajua mpangilio huu bila kusoma popote. Waulizeni wao kwanza, kabla ya kuniuliza mimi.

Kosa la majira nalo ni kubwa. Wanaojitolea wengi huja Juni hadi Agosti kwa sababu ya likizo zao. Masika yameshapita, ardhi ya juu inaanza kukauka, na mche wa mti wa nchi kavu uliopandwa wakati huo unaingia kipupwe bila mvua ya maana. Mti hupandwa masika yanapoanza, na kwa kiasi fulani vuli. Anayekuja Julai afanye kazi za Julai: kupalilia miche iliyopandwa Aprili, kuihesabu iliyokufa na kuandika imekufa kwa nini, kusafisha mipaka, kuandaa vitalu.

Kuna kazi moja ya hesabu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya popo. Popo wa Pemba, mla matunda, mabawa yake yakitandazwa hufikia karibu mita 1.6, na haishi kwengine kokote duniani. Katika miaka ya 1990 alikuwa ameorodheshwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa kuwindwa na kwa kukatiwa miti. Leo hali yake imeboreka, na sifa ni ya vijiji. Kule Kidike wenyewe waliamua kulinda miti anayolala, wakapokea wageni wa kumtazama, na uwindaji ukapungua. Kumhesabu ni kukaa chini ya miti jioni na kuwahesabu wanavyoruka kwenda kula, kila mmoja upande wake wa anga, mwaka baada ya mwaka, kwa njia ileile. Wanaojitolea wenye macho mazuri na subira wanahitajika hapo. Popo huyu ndiye anayebeba mbegu za miti kutoka sehemu moja ya kisiwa hadi nyingine. Anapanda miti mingi kwa usiku mmoja kuliko sisi sote.

Juu ya yote haya kuna ruhusa. Ulimwenguni watu wa msituni wameumizwa sana kwa jina la uhifadhi. Mwezi Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilihukumu kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwaondoa katika msitu wa Mau, na haikukubali hoja kwamba kuwaondoa kulikuwa kwa ajili ya kuuhifadhi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu watu wa asili linataka ridhaa yao ipatikane kwa hiari, kabla ya kazi kuanza, na baada ya kuelezwa kila kitu. Wapemba wa Makangale hawajiiti kwa jina hilo, lakini haki hiyo wanaistahiki sawasawa. Mikataba ya usimamizi wa misitu ya jamii, ambayo shehia nyingi za Unguja na Pemba zimeingia, inaonyesha eneo gani halikatwi kabisa na eneo gani linatumika kwa mpango. Ramani hiyo iko kwa kamati ya uhifadhi ya shehia. Mradi usiojua ramani hiyo haujazungumza na wenyeji.

Kwa hiyo ukifika, unaanza kwa sheha, kiongozi wa shehia. Unakaa barazani, unajieleza, unasikiliza. Baadhi ya sehemu za misitu yetu ni mizimu, yaani mahali pa matambiko, au zina makaburi, na hapo haingii mtu kwa sababu tu ameona njia. Nguo ziwe za heshima, wanawake na wanaume. Mwezi wa Ramadhani kazi nzito hufanywa alfajiri na kusimama mapema. Mgeni kutoka nje ya nchi afahamu pia kwamba viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi ya kujitolea. Anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, na taasisi inayomwalika ndiyo inayopaswa kumshughulikia. Taasisi ikimwambia "usijali, sema unakuja kutembea," asije na taasisi hiyo.

Upungufu wetu mkubwa uko Januari na Februari. Kaskazi inavuma, jua ni kali, visima vinashuka, na miche iliyo vitaluni ikisubiri masika inataka maji asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja. Wageni huwa hawapo, wanafunzi wamerudi vyuoni, na kazi inabaki kwa kina mama wawili watatu wa kamati wenye ndoo na nyumba zao za kuangalia. Mwenye wiki mbili za kutoa katika miezi hiyo, awe wa Wete au wa mbali, akamwone sheha. Ndoo zipo.