Kabla mwekezaji hajafika kwenye kongani ya viwanda

Mkoa ukitangaza kutenga eneo la viwanda, wananchi huuliza ajira zitakuwa ngapi na madiwani huuliza mwekezaji ni nani. Mwekezaji mwenyewe ana maswali mengine. Bomba la maji limeishia wapi? Kituo cha kupozea umeme kiko umbali gani? Majitaka yatakwenda wapi? Barabara inapitika wakati wa masika? Msamaha wa kodi huuulizia pia, lakini huo anaupata karibu kila nchi anayoitembelea.

Kongani ni eneo ambalo huduma zimekwisha kufika kwenye kila kiwanja, mwenye kiwanda alete mitambo, aifunge, aanze kuzalisha. Akilazimika kuchimba kisima chake na kuvuta nguzo zake mwenyewe, hapo amepewa shamba. Ndiyo maana Kwala, mkoani Pwani, inaangaliwa sana sasa. Bandari kavu yake, yaani kituo cha nchi kavu cha kupokea makasha ya bandarini, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai 2025, na reli inapita hapo hapo. Kiwanda kilicho jirani kinaweza kupokea makasha ya malighafi bila lori kukesha kwenye foleni za Dar es Salaam.

Ardhi ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo inayozaa migogoro mirefu kuliko yote. Tanzania, ardhi ya kijiji haiwi ya viwanda mpaka ihaulishwe, yaani ihamishiwe kundi jingine la ardhi, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea mapendekezo ya kijiji. Fidia nayo ina saa yake: ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, ikichelewa idaiwe riba, na miaka 2 ikipita bila malipo uthamini ufanywe upya. Naomba kila mwenyekiti wa kijiji ayajue haya kabla wapima ardhi hawajashusha vifaa vyao.

Majitaka hayapendezi kwenye hotuba, lakini yakisahaulika mwanzoni, kuyarekebisha ni ghali mno. Kigali ililazimika kuvihamisha viwanda vilivyokuwa kwenye bonde oevu la Gikondo, vingine vikapelekwa eneo maalumu la kiuchumi la Masoro. Hawassa, kusini mwa Ethiopia, walijifunza mapema. Kwa kuwa kongani yao iko karibu na ziwa, waliijenga na mtambo unaosafisha maji ya viwandani na kuyarudisha kutumika tena.

Hawassa ningependa tuitazame kwa makini zaidi, maana mengi waliyafanya vizuri. Ilifunguliwa Julai 2016, baada ya ujenzi wa miezi 9 tu. Majengo yalikuwa tayari, na kampuni ya Kimarekani ya PVH, yenye nembo za Calvin Klein na Tommy Hilfiger, ikaja na kuvuta wengine. Lengo lilikuwa ajira 60,000. Mabinti wakatoka vijiji vya Sidama kuja kukaa kwenye cherehani. Mwaka 2019 mshahara wa kuanzia ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi, na mji haukuwa na vyumba vya kuwatosha. Walipanga chumba kimoja watu kadhaa, kodi na chakula vikala karibu mshahara wote, na wengi wakarudi kwao kabla mikono haijazoea kazi. Viwanda vikawa vinafundisha wapya kila mara.

Pigo la pili lilitoka nje. Wakati wa vita vya Tigray, kaskazini mwa nchi hiyo, Marekani iliiondoa Ethiopia kwenye AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia 1 Januari 2022. PVH ilikwisha kutangaza kuondoka. Viwanda vilivyoshona kwa ajili ya soko moja havikuwa na pa kupeleka mzigo.

Kwa hiyo mkoa unaochora kongani leo uchanganye wapangaji: wa nguo, wa kusindika mazao, wa vifungashio, wanaouza nje na wanaouza hapa Afrika Mashariki. Na kwenye ramani hiyohiyo utenge eneo la nyumba za kupanga, zahanati, soko la mama lishe na kituo cha daladala, sasa hivi, kabla bei ya viwanja vya jirani haijapanda.