Presha ya mimba na kifafa cha mimba: maswali ya kwenye benchi la kliniki

Haya maswali nayajibu karibu kila siku ya kliniki na mengi yanakuja mwishoni kabisa, mama keshabeba mkoba wake anaondoka ndo anageuka "eti nesi...". Nimechagua presha makusudi. Kutoka damu kila mtu anaogopa kwa sababu damu inaonekana, presha inakaa kimya tu.

Shikamoo nesi. Nina mimba ya miezi saba, nimepimwa nimekutwa na presha 150 kwa 100 lakini najisikia fresh kabisa, si mashine yao mbovu tu?

Marahaba mama. Mashine mbovu zipo sikatai, ndo maana tunarudia. Ili kipimo kieleweke ukae kwanza dakika tano umeegemea, miguu usiipishanishe, mkono uwe usawa wa moyo, umeshaenda kukojoa, na usiongee (hapo kwenye kutoongea ndo tunashindana na wengi). Ikirudiwa baada ya masaa kama manne bado iko 140 kwa 90 au zaidi basi hiyo ni presha kweli, na hata ikizidi namba moja tu, ya juu au ya chini, inahesabika. Ikifika 160 kwa 110 hiyo dharura, mtu harudi nyumbani "kupumzika", anatibiwa hapohapo. Wewe na 150 yako ukapimwe tena leo, pamoja na mkojo na damu. Kujisikia fresh hakutuambii kitu, wengi tunaowapokea wameanguka walikuwa fresh juzi yake.

Mama mkwe anasema ni mawazo na chumvi nyingi. Ni kweli?

Mheshimu mama mkwe, ila hapa sio. Tatizo linaanzia kwenye kondo la nyuma. Mwanzoni mwa mimba mishipa ya damu kwenye mfuko wa uzazi inatakiwa itanuke ili damu ipite kwa wingi kwenda kwa mtoto, sasa kwa baadhi ya wanawake haitanuki vizuri, kondo linakosa damu ya kutosha, linaanza kumwaga kemikali kwenye damu ya mama na hizo kemikali zinaumiza mishipa ya mwili mzima. Figo zinavujisha protini, ini linaumia, ubongo unaumia. Kwaio presha unayoiona kwenye mashine ni kipande kimoja tu cha ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulishaanza zamani, ila unajitokeza baada ya wiki 20 na kuendelea.

Walio kwenye hatari zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, waliowahi kuugua hivi kwenye mimba iliyopita, wenye presha ya siku zote, kisukari au ugonjwa wa figo, wanene sana, waliovuka miaka 35, na ambao mama au dada yao alipata. Kupunguza chumvi hakuzuii huu ugonjwa. Mawazo tuyapunguze jamani, ila hayo sio yanayoleta.

Mkojo mnapima nini kila siku? Wengine tunaona usumbufu.

Protini. Ikionekana protini na presha iko juu baada ya wiki 20, tayari tunaogopa. Najua kuna siku unaambiwa vijiti vya kupimia vimeisha na unaandikiwa tarehe ya mwezi ujao. Usikubali kirahisi, uliza wapi vinapatikana, hata ukilipia maabara ya mtaani, kama presha yako ilishaanza kupanda. Na ujue mkojo kuwa safi sio tiketi ya kulala usingizi, kuna mama mkojo wake hauna protini ila ukipima damu chembe sahani (zile za kugandisha damu) zimeshuka au ini limeumia, na huyo naye ni mgonjwa.

Miguu imevimba, je ndo yenyewe?

Miguu kuvimba jioni kwa mjamzito ni kawaida. Uso na mikono kuvimba ghafla, umeamka pete haivuki, hiyo ndo njoo.

Dalili zipi nikiona nisisubiri asubuhi?

Kichwa kinauma sana na Panadol haisaidii. Macho kuona ukungu, vimulimuli, au kuona vitu viwili viwili. Maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu upande wa kulia, na hapa nataka niseme kwa nguvu maana ndo panapotupotezea watu, mama anadhani ni vidonda vya tumbo au kiungulia, anakunywa dawa ya gesi anasubiri, kumbe ini ndo linavimba. Nyingine ni kutapika kulikoanza upya mimba ikiwa kubwa, mkojo kupungua sana, kupumua kwa shida, mtoto kucheza kidogo kuliko alivyozoea. Moja tu kati ya hizo inatosha kuamsha watu wa nyumbani, hela ya bajaji iwekwe pembeni toka mapema na mjue usiku mnampigia nani.

Dada yetu alianguka akatetemeka mimba ikiwa na miezi nane, wazee wakasema kuna mtu kamtupia jini. Hospitali wakasema kifafa cha mimba. Nani mkweli?

Hospitali. Na sio kifafa kile cha kawaida, mtu anaweza asiwe ameanguka hata siku moja maishani. Ni huyuhuyu ugonjwa wa kondo umefika kwenye ubongo. Mkitaka kusoma dua someni, lakini someni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Akianguka mlazeni ubavu, wa kushoto ndo mzuri zaidi, ili mate na matapishi yatoke asipaliwe. Msimkamate kwa nguvu, msimwekee kijiko mdomoni, msimnyweshe kitu, msimnusishe mafuta ya taa wala kitunguu. Ondoeni vitu vya kumuumiza. Mtetemeko ukiisha msiseme kapona, unaweza kurudi muda wowote.

Nasikia hospitali wanachoma sindano kali inayounguza mwili mzima. Ya nini?

Hiyo ni magnesiamu salfeti, na kweli mwili unapata joto hasa ikiingia kwenye mshipa, ile ya makalioni inauma vibaya. Vumilia. Utafiti mkubwa uliotoka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, ulionyesha inapunguza uwezekano wa kuanguka kifafa kwa zaidi ya nusu. Ndo maana nesi anakugonga goti na kanyundo, anahesabu unavyopumua na anapima mkojo wako, dawa ikizidi inalegeza misuli mpaka ya kupumua kwaio tunaichunga.

Pembeni unapewa za kushusha presha, kama nifedipini au methildopa (wengi mnaijua kwa Aldomet). Ila hizo zote zinatununulia muda tu, tiba yenyewe ni mtoto na kondo kutoka. Wiki 37 zikitimia hatusubiri tena. Kabla ya hapo tunapima, kama mimba bado changa na mama anavumilika tunachoma dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto na tunawaangalia wote wawili, kama mama anazidiwa tunamtoa mtoto hata kama ni mapema. Na sio lazima upasuaji, wengi wanaanzishiwa uchungu wakajifungua kawaida.

Nimeshajifungua salama, presha nayo si imeisha?

Hapana! Hili swali ningeweza ningelibandika ukutani. Presha mara nyingi inapanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, yaani wakati umesharuhusiwa, uko ndani unakunywa uji wa pilipili manga, watu wanaleta zawadi. Ukisema kichwa kinauma wanakwambia hujalala, mtoto analia. Kifafa kinaweza kuja baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye hakuwa na presha kabisa kwenye mimba. Kwaio dawa usiache mwenyewe, presha ipimwe ndani ya wiki hiyo ya kwanza, na dalili zile za juu zinahesabika mpaka wiki sita zipite. Mambo ya kutotoka nje mpaka arobaini hayahusu kwenda kupima.

Kwenye mimba nyingine itarudi?

Inaweza, hasa kama ya kwanza ilikupata mapema, lakini wengi haiwarudii. Siku ya kwanza tu ya kliniki sema mwenyewe kwamba uliwahi kupata, usisubiri kuulizwa, kwa sababu kuna aspirini ya dozi ndogo inayopunguza hatari na inatakiwa ianze kabla ya wiki 20. Dokta ndo aandike, usijianzishie dukani. Na kama una presha ya siku zote unameza losatani, kaptoprili au lisinoprili, hizo zinaumiza figo za mtoto, nenda ubadilishiwe kabla hujabeba mimba, au leo hii kama tayari umebeba.