Hadithi tunazouziwa kuhusu viwanja vya miji ya Hispania, na ukweli wake

Anayekwenda Hispania kwa mara ya kwanza huwa ameshajazwa hadithi kabla hajapanda ndege. Nyingi hazimdhuru mtu. Chache zinawafuta watu waliokufa, na hizo ndizo zinazoniuma, kwa hiyo naanza na moja ya hizo.

Dhana: Matundu ya ukuta wa Sant Felip Neri, Barcelona, ni ya risasi zilizowaua mapadri

Nyuma ya kanisa kuu la Barcelona, ukipita vichochoro viwili vitatu, unatokea kwenye uwanja mdogo wenye miti na chemchemi katikati. Ukuta wa kanisa la Sant Felip Neri umechimbika vibaya sehemu ya chini. Wakati wa utawala wa Franco, dikteta aliyeishinda serikali ya Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ilienezwa habari kwamba wapiganaji wa upande wa Jamhuri waliwapanga mapadri hapo na kuwapiga risasi.

Si kweli. Tarehe 30 Januari 1938 ndege za Italia, zilizokuwa zikimpigania Franco, ziliangusha mabomu mahali hapo. Watu 42 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wamejificha chini ya kanisa. Utazame ukuta wenyewe kwa karibu. Matundu yametapakaa pande zote mbili za mlango, makubwa kwa madogo, mengine yamepanda juu kuliko kimo cha mtu. Bomu likipasuka ndivyo vipande vyake vinavyochimba jiwe. Leo kuna kibao kinachotaja idadi ya waliokufa, na wanafunzi wa shule ya jirani huja kucheza hapo wakati wa mapumziko. Ukiwakuta, shusha kamera.

Dhana: Barri Gòtic, mtaa wa kale wa Barcelona, wote umesimama tangu Zama za Kati

Kuta za Kirumi zipo kweli, na makanisa ya karne ya 14 yapo. Lakini lile daraja la mawe lililorembwa juu ya mtaa wa Carrer del Bisbe, ambalo kila mgeni hulipiga picha akidhani lina miaka mia sita, lilijengwa mwaka 1928. Msanifu wake alikuwa Joan Rubió. Hata uso wa mbele wa kanisa kuu ni kazi ya mwishoni mwa karne ya 19, na mnara wake wa kati ulikamilika mwaka 1913. Barcelona ilikuwa inautengeneza mtaa huu upya, na maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1929 yalikuwa mlangoni. Majengo mengine yalibomolewa yakahamishwa. Pale Sant Felip Neri, nyumba ya chama cha mafundi viatu iliwekwa baada ya vita. Kwangu mtaa haupungui uzuri kwa hilo. Ila mwongozaji anayelipwa na kunyamaza anamnyima mgeni haki yake.

Dhana: Plaza de España ya Sevilla ni kasri la kale

Hili nimelisikia mara nyingi kuliko yote, na naelewa linakotoka: vigae, matao, maji, minara miwili. Ujenzi ulianza mwaka 1914, na jengo likawa tayari kwa Maonyesho ya Hispania na Amerika ya mwaka 1929. Msanifu ni Aníbal González.

Usiishie kupanda mashua. Fuata ukuta wa nusu duara uone mabaraza 48 ya vigae, kila moja la mkoa wake, yamepangwa kwa alfabeti. Ukutani kuna picha ya tukio la historia ya mkoa, sakafuni kuna ramani yake. Wahispania wenyewe hutembea wakitafuta baraza la kwao, wakilipata wanakaa familia nzima. Kisha vuka mto Guadalquivir uingie Triana, mtaa wa wafinyanzi ambao karakana zake zimetengeneza vigae kwa karne nyingi.

Dhana: Puerta del Sol ya Madrid ina lango

Uwanja huu unaitwa "Lango la Jua" kwa Kihispania, lakini jina tu limebaki. Na alama ya kilometa sifuri iliyo kwenye lami yake haionyeshi kitovu cha nchi. Ni mahali barabara kuu sita zinapoanzia kuhesabiwa. Karibu na hapo, Plaza Mayor, ile michoro ya rangi kwenye jengo la Casa de la Panadería inayodhaniwa ni ya enzi za wafalme, ilichorwa na msanii Carlos Franco mwaka 1992.

Dhana: Ukitaka alama za Waarabu, nenda Andalucía, jimbo la kusini, tu

Mfalme Mkristo Alfonso wa Sita aliitwaa Toledo, mji wa katikati ya Hispania, kutoka kwa Waislamu mwaka 1085. Hata hivyo, uwanja mkuu wa mji huo mpaka leo unaitwa Zocodover, kutoka Kiarabu *suq ad-dawabb*, yaani soko la wanyama. Neno *suq* ndilo hilo hilo lililotupa sisi "soko". Wao lilibaki katika jina la uwanja, sisi tunalitumia kila siku kununulia nyanya.

Wageni wengi hushuka hapo wakaharakisha kwenda kanisa kuu. Kaa kidogo. Upande wa mashariki kuna Arco de la Sangre, lango lenye tao la umbo la kwato ya farasi. Pita chini yake, ngazi zinateremka kuelekea mto Tajo.