Lesi ya Sindano: Matundu Yanayofumwa kwa Hesabu

Lesi ya sindano ni ufumaji ambao matundu yake huwekwa kwa makusudi na kwa hesabu, tofauti kabisa na tundu la sweta lililofumuka kiwikoni. Tundu hupatikana pale mfumaji anapozungusha uzi mara moja juu ya sindano kabla ya kufuma kitanzi kinachofuata. Mzunguko huo huwa kitanzi kipya kisichoshikana na chochote chini yake, na ndiyo maana pengo hubaki. Kwa kuwa kila mzunguko huongeza kitanzi, ni lazima mahali pengine vitanzi viwili vifumwe kwa pamoja, la sivyo shali itapanuka na kujikunja kama marinda.

Hesabu hiyo huonekana vizuri katika mtindo wa mawimbi unaofumwa tangu zamani kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Mtindo hurudiwa kila baada ya vitanzi 18: vitanzi viwili hufumwa pamoja mara 3, kisha uzi huzungushwa na kitanzi kimoja hufumwa, mara 6, halafu viwili pamoja tena mara 3. Sita vimeondoka, sita vimeingia, na sindano inabaki na 18 vilevile. Kwa sababu vitanzi vimebanwa pembeni na kuachiwa nafasi katikati, mstari wenyewe hupinda na kuwa wimbi. Mistari mitatu inayofuata haina tundu hata moja. Katika kisiwa cha Unst, kilichoko huko huko Shetland, wafumaji walisifika kwa shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa.

Sifa hiyo imewafanya wengi waamini kwamba shali ya lesi hudai uzi wa bei ghali, jambo ambalo si kweli, kwani matundu hayali uzi. Sufu ya kawaida yenye takriban mita 400 kwa gramu 100, ikifumwa kwa sindano za milimita 4 badala ya zile za milimita 3 zinazoufaa uzi huo kwa soksi, hutosha shali ndogo ya mabegani kwa gramu 100 tu. Sufu ya koni, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya mashine, mara nyingi huwa nafuu zaidi. Hufika ikiwa na mafuta ya kiwandani na harufu yake, lakini maji ya uvuguvugu na sabuni huyaondoa. Nisichokishauri ni akriliki, ule uzi wa sweta nyingi za shule, hata kama bei yake inavutia.

Sababu ni kwamba shali ya lesi haijakamilika inapotoka kwenye sindano. Kwa kweli hufanana na kitambaa cha jikoni kilichokunjamana. Hulowekwa kwa muda wa nusu saa hivi, hukamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, kisha huvutwa na kubanwa kwa pini juu ya godoro mpaka ikauke. Sufu iliyolowa hulegea, na ikikauka hushika umbo ililovutiwa, ilhali akriliki iliyoloweshwa tu hurejea ilivyokuwa. Shali ya sufu ikifuliwa tena, matundu hujifinya, na pini hazina budi kurudi kazini.